Paka wa roboti kwa mama anayesahau

Umeuliza kama kumnunulia mama yako paka wa roboti ni kumvunjia heshima. Kwangu hapana, mradi asidanganywe. Mwambie ni mashine, kisha mwache aamue mwenyewe. Wapo wazee wanaompakata paka huyo papo hapo na kuanza kumsemesha. Wapo wanaomsukuma kando, na hao wasilazimishwe.

Jambo hili lina msingi. PARO, roboti wa Kijapani mwenye umbo la mtoto wa sili (mnyama wa baharini), alitambuliwa Marekani kama kifaa cha tiba mwaka 2009. Ana vihisio vya mguso, mwanga na sauti: ukimpapasa hugeuza kichwa, hupepesa macho, hulia kidogo. Mgonjwa wa kusahau anayehangaika ikifika jioni anaweza kutulia mikono yake ikipata cha kushika. PARO ni ghali mno, lakini paka wa betri wa chapa ya Joy for All ni nafuu zaidi.

Manyoya yafutwe mara kwa mara, hasa kama paka anashikwa na wazee kadhaa. Na tafadhali, msipunguze kwenda kumwona mama eti kwa kuwa ana paka. Kaeni naye, muulizeni kamwita nani. Sauti ikimkera usiku, izimeni.