Re: Green Day za mwanzo, nianzie albamu ipi?

Mkuu, kama unatafuta Green Day, bendi ya punk ya Marekani, ya kabla ya Dookie (albamu ya 1994 iliyowapa umaarufu), albamu ya Shenanigans haitakufaa. Ile ya 2002 ni mabaki ya enzi za umaarufu, nyimbo za upande B (za ziada kwenye singo) na nyimbo za bendi nyingine walizorudia, mfano Outsider ya bendi ya Ramones. Chukua 1,039/Smoothed Out Slappy Hours ya 1991. Humo kuna albamu yao ya kwanza, 39/Smooth, pamoja na EP (rekodi fupi) mbili, 1,000 Hours na Slappy. Anayepiga ngoma ni John Kiffmeyer, Tré Cool, mpiga ngoma wao wa baadaye, alikuwa hajaingia. Usitegemee sauti safi. Gitaa linakwaruza, lakini Going to Pasalacqua ina melodi tamu balaa. Mimi naiweka juu ya Shenanigans yote.