Barua kwa mwanangu: kwa nini Hedwig anawagawa watazamaji

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza kwa nini Hedwig and the Angry Inch, ile filamu ya muziki wa roki mliyoitazama bwenini kwenu Leipzig, imewagawa wenzako kiasi kile: mmoja alilia, mwingine akasema imewatukana watu waliobadili jinsia, wa tatu akaondoka kabla haijaisha. Tena unataka kuirudia mwezi ujao mbele ya watu wengi zaidi, na unaogopa mazungumzo yasije yakawa ugomvi. Nakujibu yote mawili pamoja, maana ukishajua wanagombania nini, utajua namna ya kuwaandalia.

Wengi huketi wakiwa na swali moja kichwani: huyu Hedwig ni mwanamume au mwanamke? Wakilishikilia hilo, filamu itawakera tu. Itazame hadithi yenyewe. Hansel ni kijana wa Berlin Mashariki anayependwa na Luther, askari wa Kimarekani. Ili waoane na avuke mpaka, lazima apite uchunguzi wa mwili akiwa mwanamke. Mama yake anampa jina lake, Hedwig, na pasipoti yake, upasuaji unaharibika, kinabaki kinyama cha inchi moja ambacho ndicho kilichoipa jina bendi yake ya baadaye, The Angry Inch. Baada ya mwaka yuko Kansas ndani ya nyumba ya trela, ameachwa na Luther, huku televisheni ikionyesha Ukuta wa Berlin ukiporomoka, Novemba 1989. Angesubiri mwaka mmoja tu, angepita mpakani kwa miguu, na mwili wake ukiwa mzima.

Kwa hiyo Hansel hakuuomba ule upasuaji kwa sababu alijiona mwanamke. Ulikuwa bei ya kutoka. Hapa ndipo wenzako walipotengana. Aliyebadili jinsia kwa hiari yake, baada ya miaka ya kufikiri, anaona jambo lililomwokoa maisha likionyeshwa kama janga la kulazimishwa, tena limefanyiwa wimbo wa kelele na vicheko. Mtu huyo hajakosea, wala usimwambie ameielewa vibaya filamu. Ongeza na hili: Ujerumani Mashariki halisi ilikuwa na mwongozo rasmi wa wizara ya afya kuhusu kubadili jinsia tangu mwaka 1976. Upasuaji ule wa ovyo ni wa hadithi, si picha ya hospitali za nchi ile, na waambie hivyo kabla hamjaanza.

Lakini yupo pia aliyelia, na huyo hakulilia upasuaji. Mara nyingi ni wimbo wa The Origin of Love unaowapata watu, ule wenye michoro ya Emily Hubley inayocheza kwenye skrini. Maneno yake yanatoka kwenye Karamu, kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mahali Aristophanes, mtunzi wa vichekesho, anaposimulia kwamba zamani binadamu walikuwa na nyuso mbili na mikono minne, wa aina tatu: mume na mume, watoto wa jua, mke na mke, watoto wa ardhi, mume na mke, watoto wa mwezi. Miungu ikawapasua, na tangu hapo kila nusu inamtafuta mwenzake. Kila aliyeketi pale anaikuta aina yake imetajwa, bila moja kuwekwa juu ya nyingine. Ni kama ukumbi wa taarabu: fumbo linaimbwa mara moja, na kila anayeinuka kwenda kutunza anajua limeimbwa kwa ajili yake.

John Cameron Mitchell, aliyeiongoza filamu na kumwigiza Hedwig, amesema mara kadhaa kwamba hakumkusudia Hedwig awe kielelezo cha watu waliobadili jinsia. Kwake huyo ni jinsia ya mtu mmoja peke yake. Naliona jibu hilo ni la haki, ila halitoshi. Mtazamaji haketi na mwandishi sebuleni, anaketi na picha. Na filamu yenye mhusika wa namna hii inapokuwa karibu pekee ambayo watu wameiona, inawasemea wengi hata kama haikutumwa. Mwishoni mwa 2020 huko Australia, onyesho la jukwaani la hadithi hiyohiyo, lililopangwa kwa tamasha la Sydney la mwaka uliofuata liliahirishwa baada ya wasanii waliobadili jinsia kupinga nafasi ya Hedwig kupewa mwanamume ambaye si mmoja wao. Mitchell na mtunzi wa nyimbo, Stephen Trask, wao wanashikilia kwamba nafasi hiyo iko wazi kwa yeyote. Mkijadili jambo hilo, toeni hoja za pande zote mbili kwa ukamilifu.

Tommy naye huzua ubishi wa aina nyingine. Ni kijana mdogo wa nyumba ambako Hedwig anafanya kazi ya kulea mtoto, anafundishwa muziki, wanakuwa wapenzi, kisha anaondoka na nyimbo na kupata umaarufu. Mtazamaji wa leo anauliza kuhusu umri wake, na ana haki ya kuuliza. Anayependa mafumbo atauliza kama Tommy yupo kweli. Mwambie ukweli huu: jukwaani New York, tangu 1998, mwigizaji mmoja alikuwa akimcheza Hedwig na Tommy pia. Kwenye filamu ya 2001 wakagawanywa, Tommy akapewa Michael Pitt, na sauti anayoimbia ni ya Trask. Ndiyo maana wale wa jukwaani husema hao wawili ni mtu mmoja aliyepasuliwa, na wa filamu husema ni wapenzi waliodhulumiana. Kila kundi linasema lilichokiona.

Sasa maandalizi. Filamu ni saa moja na nusu hivi. Wewe chukua ukumbi kwa saa mbili na nusu. Jambo la kwanza linaloharibu ni maandishi yanayopita chini ya picha. Matoleo mengine huandika mazungumzo na kuruka nyimbo, na hapa nyimbo ndizo zinazosimulia: ukikosa maneno yake hujui upasuaji ulitokeaje wala kwa nini. Chagua maandishi yaliyotengenezwa kwa wasiosikia, halafu yapime kwenye The Origin of Love. Kama hakuna neno linaloonekana, tafuta nakala nyingine.

La pili ni sauti. Nyimbo zina kelele kuliko maongezi. Ukipanga sauti kwa wimbo wa kwanza, manong'ono ya Hedwig kati ya nyimbo yatapotea, na humo ndimo anamomdhalilisha Yitzhak, mumewe. Panga kwa maongezi ya ndani ya trela, kisha mtu akae karibu na kitufe apunguze kidogo gitaa zikianza.

Wimbo wa Wig in a Box unawaalika watu kuimba. Maneno yake yamewekwa kwenye skrini kwa makusudi, basi usimnyamazishe mtu. Lakini zile kofia za sponji zenye umbo la wigi la Hedwig, ambazo mashabiki wa siku nyingi huvaa, usizigawe kwa wanaoitazama mara ya kwanza. Zinawaambia kabla ya wakati kwamba yote ni mzaha, na wimbo wa upasuaji unapokelewa kwa vicheko. Aliyeumizwa nao akisikia vicheko vile, hataongea tena usiku huo.

Kabla ya kuanza, taja wazi yaliyomo: upasuaji wa kushurutishwa, mapenzi na kijana, matusi, mtu uchi mwishoni. Usieleze mwisho una maana gani. Dakika za mwisho zinaendeshwa na muziki karibu tupu, na ukiwasha taa mapema watu wataanza kuulizana wakati picha bado inajibu.

Taa zikiwaka, gawa karatasi na uwape dakika tatu waandike tukio moja lililowagusa au kuwaudhi. Tukio, si maoni. Ukianza na "Hedwig ni nani?", ndani ya dakika tano kuna kambi mbili. Ukianza na tukio, mtu analazimika kusema ameona nini, na mwenzake anaweza kumwongezea. Kama mmezidi kumi, gawanyikeni, la sivyo wanaozungumza ni walewale watatu.

Wakikwama, wape habari ya pasipoti. Hansel alitoka Berlin kwa pasipoti ya mama yake na akalipa kwa mwili. Miaka baadaye Yitzhak, mume wa Hedwig na mwimbaji wa nyuma yake, anapata kazi kwenye ziara ya mchezo mwingine, na Hedwig anaichana pasipoti yake. Aliyefungiwa mpaka anamfungia mwingine mpaka. Yitzhak anachezwa na mwanamke, Miriam Shor, akiwa na ndevu, na anayatamani mawigi ambayo haruhusiwi kuyavaa. Waulize wangapi walimwandika Yitzhak kwenye karatasi zao. Mara nyingi ni wachache mno, ilhali wigi linapovuliwa mwishoni, yeye ndiye anayepewa. Mimi naona swali la utambulisho wa kijinsia limekaa kwake zaidi kuliko kwa Hedwig, kwa kuwa yeye ndiye anayejua anachotaka kuwa na amezuiliwa na mpenzi wake mwenyewe. Waachie hapo nusu saa, na yule aliyeondoka mara ya kwanza mwalike tena, umwambie mtaanzia kwa Yitzhak.

Nisalimie wenzako wote. Uniandikie walivyosema.

Mama yako