Maswali na majibu: Nyumba ya mapadri inatoka unga mweupe

*Shikamoo mzee. Nipo kamati ya ujenzi ya parokia yetu. Nyumba ya mapadri ni ya enzi za Mjerumani. Mwaka jana tuliipiga lipu ya saruji, sasa rangi inabanduka na ukuta unatoa unga mweupe. Fundi katupunja saruji?*

Marahaba. Hajawapunja, kosa ni hiyo saruji yenyewe. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini, kisha huyatoa nje taratibu. Ukiuziba kwa saruji, maji yanapanda juu kutafuta pa kutokea, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya rangi na kuisukuma. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba kama hiyo hapa mjini. Nilipenyeza bisibisi kwenye ufa, kikatoka kipande cha lipu kikubwa kama sinia, na chokaa ya nyuma yake imelowa kama ugali wa jana.

Bandueni yote. Kagueni kwanza mifereji ya paa na bomba la choo, maana mara nyingi ndiko maji yanakoanzia. Acheni ukuta ukauke kiangazi kizima, kisha mpige lipu ya chokaa na mchanga wa mtoni. Wa pwani hapana, una chumvi yake. Juu pakeni chokaa, msipake rangi ya mafuta. Mwenyekiti atalalamika kwamba kazi inachelewa. Mwacheni alalamike.

*Kwa nini mapadri wa zamani walilala ghorofani na kuacha chini ofisi na stoo?*

Upepo. Kusi na kaskazi huupata vizuri zaidi ukiwa juu. Tena, kwa muda mrefu Wazungu waliamini malaria inatokana na hewa mbaya ya ardhini. Robert Koch, daktari Mjerumani, alikuwa hapahapa Dar es Salaam akiichunguza malaria mwaka 1897 na 1898, wakati ambapo Ronald Ross, daktari Mwingereza kule India, alikuwa ndiyo kwanza amekiona kijidudu chake ndani ya mbu.

*Atiman House pale karibu na bandari ilijengwa na wamisionari?*

Hapana. Ni ya Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, waliipata mwaka 1922. Jina ni la Dk. Adrian Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akasomea utabibu Malta, akatibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi uzeeni. Nyumba za mawe za enzi hiyo utazijua kwa vyumba vyembamba: boriti ya mkoko haivuki mita 3 hivi, basi chumba kinaishia inapoishia boriti.

*Tukitaka kubomoa tujenge ghorofa, sheria inatuzuia?*

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Hata Atiman House imechelewa kidogo! Yenu italindwa ikiwa tu imetangazwa rasmi, kwa hiyo ulizeni Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kumwita mtu wa kijiko.

*Na madirisha ya aluminiamu?*

Mbao za louva zinapitisha upepo hata mvua ikinyesha. Kioo kikifungwa mtaishia kununua kiyoyozi. Nendeni kanisa la Kilutheri la Azania Front saa nane mchana mkatazame vijipaa vya vigae juu ya madirisha, na kivuli kinapoangukia.