Nimeweka rejeta kubwa, mbona gari inapata moto zaidi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Mwandiga hapa Kigoma, nina Hilux ya zamani ya dizeli, injini 3L, napeleka dagaa na mawese Kasulu mara mbili tatu kwa wiki. Ilikuwa inasumbua kidogo kwenye kupanda na mzigo, mshale wa joto unasogea, nikaamua nimalize kabisa. Nikanunua rejeta kubwa ya aluminiamu, fundi akatoa feni ya mkanda akafunga feni mbili za umeme na bati lake, themostati akaitoa akasema huku kwetu na hili joto haina kazi, nikajaza kulanti tupu bila maji ili iwe na nguvu, na nikafunga geji ya joto ya namba. Sasa nikiwa nimesimama inasoma 86, 88, lakini nikianza kupanda na mzigo inafika 102 mpaka napaki pembeni. Hela imeisha na moto ndo umezidi, nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, hela ya dagaa inauma ikiishia gereji.

Umesema jambo moja limenisaidia kuliko yote, kwamba ukisimama iko sawa ila ukipanda ndo inapanda. Gari ikipata moto ikiwa imesimama tu, unaanza na feni. Ikipata moto kwenye mwendo na mzigo basi angalia maji na upepo, je vinapita kweli ndani ya hiyo rejeta? Maana rejeta hata ingekuwa kubwa kama mlango, maji ya moto yasipoifikia haina msaada.

Mimi naanza na themostati. Kama ile ya zamani hujaitupa ichukue uigeuze, chini utaona kisahani kidogo cha bati kimekaa kwenye springi. Watu wengi hawakiangalii. Maji yakitoka kwenye injini yana njia mbili, ndefu ya kupita rejeta na fupi ya kurudi moja kwa moja kwenye wota pampu, injini ikiwa baridi njia fupi iko wazi ili ipate moto haraka, ikishapata moto themostati inafungua njia ndefu na hicho kisahani kinashuka kuziba ile fupi. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi siku zote, na maji mengine ya moto yanazunguka ndani bila kuiona rejeta. Umesimama huoni kitu, injini haina kazi, ila weka magunia nyuma uanze kuupanda mlima kutoka ziwani ndo utajua. Kwa hiyo hilo neno la "haina kazi huku kwetu" naomba tuliache kabisa, limeua injini nyingi.

Nunua mpya yenye kisahani, iliyoandikwa 82. Kabla ya kufunga ichemshe kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, ikifika 82 hivi ianze kufunguka na kwenye 95 iwe imefunguka yote, kama milimita 8. Kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, hewa inatokea hapo.

Kulanti tupu nayo imekuangusha. Inabeba moto kidogo kuliko maji, kazi yake ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, changanya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, aluminiamu na chumvi haviendani. Ukijaza, washa mfuniko ukiwa wazi, hita iwe kwenye moto, uache mpaka mapovu yaishe. Mapovu yasipoisha hata kidogo, usitafute tena kwenye rejeta, hiyo hedi gasketi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, ipimwe.

Halafu rudia safari ileile, mzigo uleule, kabla hujagusa kingine. Nakusihi hapo, ukibadilisha vitu vitatu siku moja hutajua kipi kimeponya.

Ikibaki juu, njoo kwenye feni. Weka karatasi mbele ya rejeta feni zikiwa zimewaka, inatakiwa inate, ikipeperuka waya zimegeuzwa na feni inapigana na upepo wa barabarani. Zikiwa sawa angalia lile bati, kama limefunika mgongo wote wa rejeta na kuacha matundu mawili tu basi gari ikitembea upepo unakwama hapo. Kwa mlima na mzigo mimi ningerudisha feni ya mkanda na kava lake, injini ikinguruma na yenyewe inavuta zaidi. Na pembeni ya rejeta mpya ziba mianya kwa mpira, upepo unapenda njia rahisi.

Kuhusu namba, usife moyo. Mshale wa kiwandani mara nyingi umetengenezwa ukae katikati hata joto likicheza nyuzi kumi na zaidi, inawezekana hata zamani ulikuwa unafika 95 na huoni. Ila 102 kila safari usiizoee. Na ukipaki pembeni usifungue mfuniko, subiri mpaka hosipaipu ya juu uweze kuishika bila kuungua, nimeona mtu kabanduka ngozi ya mkono mzima kwa haraka ya dakika tano.

SWALI: Fundi, niko Tabora mjini, nimeambiwa niweke mfuniko wa rejeta wa presha kubwa gari isipate moto. Ni kweli?

JIBU: Hapana dada. Mfuniko haupunguzi moto, unachelewesha kuchemka tu. Tabora mko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji kwenye sufuria yanachemka karibu 96, mfuniko usiovuja wa presha ya bar 0.9 unayapeleka mpaka kama 116. Nunua wenye namba ileile iliyokuwepo, ukizidisha presha kitakachopasuka ni hosipaipu iliyochoka.