Jibu: Udi, dawa ya mbu na chinchila
Waalaikumu salamu, dada. Umeuliza kama waweza kufukiza udi sebuleni hapo Lamu ilhali chinchila wako, yule mnyama mdogo wa kufugwa wa jamii ya panya, yumo chumba cha pili. Kwa maoni yangu, usifukize ndani ya nyumba hata kidogo. Asili ya mnyama huyu ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, penye hewa baridi na kavu, na kwa kuwa joto linalozidi nyuzi 25 laweza kumdhuru, bila shaka unamweka katika chumba chenye kiyoyozi, madirisha yakiwa yamefungwa. Basi moshi ukishapenya humo haupati pa kutokea. Chetezo kipeleke uani, na nguo zifukizwe huko huko. Dawa ya mbu ya kupuliza inanitia hofu zaidi, kwa sababu hutua kwenye manyoya yake mazito, naye huimeza anapojisafisha, afadhali chandarua. Kizimba kioshe kwa siki na maji, ukikaushe kabla ya kumrudisha, wala usichanganye siki na dawa ya klorini, kwani hutoa gesi yenye sumu. Ukimwona anapumua kwa shida, nakusihi umpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo.