Mitiki: gogo langu la kwanza lilivyoniumbua

Wakuu mnaoanza mitiki, mi niko Muheza huku, jirani na shamba la serikali la Longuza, kwa hiyo hii miti nimeiona tangu utoto, ila kuiona na kuilima ni vitu viwili tofauti aisee. Kila anayenipigia anauliza mbegu bora anapata wapi. Mbegu sawa, lakini mbao nyingi zinaharibikia shambani, tena miaka ya mwanzo kabisa.

Mimi nilipanda stampu (miche iliyokatwa shina na mizizi ikabaki kisiki kifupi), mita 3 kwa 3, kama 450 kwa eka. Kupogoa nikamwachia kijana na panga lake, akaacha vipande vya matawi vimetokeza kama kidole na mi nikaona poa tu, mti ukanenepa ukavimeza, kwa nje gogo limenyooka safi. Siku ya kupasua ubao wa kwanza mzuri, wa pili una jicho jeusi, ndo kile kipande cha tawi kilichomezwa, nikaligusa likadondoka lote, pakabaki tundu. Mnunuzi hakusema neno, akausogeza tu kwenye rundo la bei ya chini.

Kwa hiyo tumia msumeno, kiangazi majani yakishapukutika, tawi likiwa bado jembamba, kata karibu na shina ila usikwangue ile shingo iliyovimba maana hapo ndo mti unafungia kidonda. Usipogoe kupita nusu ya urefu wa mti. Machipukizi yakitoka shinani yapukuchue kwa mkono yangali laini.

Halafu kupunguza miti, hapa ndo tunafeli wengi. Mwaka wa nne au wa tano matawi yakishagusana, toa iliyopinda na yenye vichwa viwili. Mke wangu aliniambia nakata hela, nikasita misimu miwili, ikabanana ikawa fito ndefu tu. Ukifika miaka 25 hivi, kati ya ile 450 ibaki kama 100, iliyonenepa.

Hiyo miti michanga unayoitoa, kiini chake (ile sehemu nyeusi ya katikati isiyooza upesi) bado kidogo, karibu yote nyeupe, mchwa wanaila vizuri tu. Mi nilimuuzia jirani nguzo za fensi nikijinadi kwamba mtiki hauozi, mpaka leo akiniona ananiuliza nguzo mpya zinatoka lini 😂

Na bondeni maji yanakotuama usipoteze stampu. Kwangu kule mitiki iliishia kiunoni, saa hizi nalima mpunga.