Kabla Hujachonga Uso wa Mtu Kwenye Ngozi

Mzee mmoja mchonga milango alipita kibandani kwangu, hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, akanikuta nachonga jahazi kwenye jalada la ngozi la daftari. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akainama kuchungulia chini ya meza.

"Maranda yako yako wapi, mwanangu?"

"Sina, mzee. Huku hakitoki kitu."

Akavuta kigoda akakaa. Yeye kazi yake ni kutoa: anabandua mbao pembeni mpaka ua libaki limesimama. Mimi nakata mstari tu, halafu nagandamiza ngozi ya upande wa nje wa mstari ili iliyo ndani ionekane imeinuka. Alitazama vyuma vyangu vya kugandamizia, ninavyovigonga kwa nyundo, vikitembea kando ya tanga, akasema, "Kumbe wewe unasukuma." Tangu siku hiyo nikimfundisha kijana huanza na neno hilo, maana makosa mengi niliyoyafanya miaka ya mwanzo yalitokana na kudhani kwamba kazi hii ni ya kisu.

Kwanza ngozi yenyewe. Ngozi nyingi za dukani, zile laini za mabegi na makoti, zimelainishwa kwa kromu, dawa ya madini. Ukiigonga alama inarudi juu kama godoro. Inayofaa ni iliyolainishwa kwa tanini, ile dawa ya asili iliyomo kwenye magome ya miti. Sisi wa pwani jambo hili tusingepaswa kulishangaa: magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo enzi za ukoloni, na miti ya miwati ya Njombe inajulikana kwa gome lake mpaka leo. Ukiwa dukani, tazama ukingo uliokatwa. Ukiona rangi ya kijivu au samawati katikati, weka chini. Kisha omba ruhusa udondoshe tone la maji: ngozi ya magome hulinywa na kugeuka nyeusi kidogo, na ukiikandamiza kwa ukucha pale penye unyevu alama inabaki. Kwa picha natumia unene wa milimita 3 hadi 4. Vya kujifunzia, waombe washona makubadhi vipande wanavyotupa, uvipime vivyo hivyo.

Sasa maji, na hapa nawaomba msome polepole. Lowesha kipande chote kwa sponji, si pale penye picha tu, la sivyo utaachiwa mstari wa maji usiofutika. Halafu ngoja. Wanafunzi wengi huanza kugonga ngozi ingali chepechepe. Kila pigo linazama kama kwenye tope, na kisu kinaburuza. Ngoja mpaka rangi yake ya asili ianze kurudi, ila ukiiweka shavuni uhisi ubaridi. Hapo ndipo kisu kinapita bila kukwama, na ukigonga, alama inageuka kahawia iliyokolea na kukaa. Kipande kikubwa mimi nakilowesha jioni, nakifunga kwenye mfuko wa nailoni kilale, nafanya kazi asubuhi kabla upepo wa baharini haujaanza kukikausha. Bandika gundi ya karatasi, ile pana ya kufungia maboksi, upande wa nyuma, ngozi isije ikatanuka na kuipotosha picha.

Kisu chetu kina mpini unaozunguka kati ya kidole gumba na cha kati, huku cha shahada kikikaa juu kukandamiza. Kata theluthi moja hadi nusu ya unene, usizidi. Kinoe kwenye kipande cha ngozi kila baada ya mistari michache.

Na usoni usikitumie kabisa.

Nililipia somo hili kwa machozi ya mtu mwingine. Dada mmoja aliniletea picha ya marehemu mama yake, mama mtu mzima aliyejifunga kanga, macho yakicheka. Alitaka iwe kwenye jalada la albamu. Nikaifanya kama nilivyozoea majahazi: kila mkunjo nikaupitisha kisu, paji la uso, pembe za macho, mashavu. Alipokuja kuchukua alinyamaza muda mrefu, kidole chake kikipita pale shavuni. Kisha akauliza taratibu, "Mama alikuwa na kovu hapa?"

Nikamrudishia fedha zake, nikamwomba wiki mbili. Safari ya pili kisu nilikitumia kwenye ukingo wa kanga peke yake. Uso wote niliufanya kwa kijiko cha chuma chenye ncha ya mviringo, nikisukuma ngozi kidogo kidogo kwa mkono, bila nyundo. Mkunjo wa mtu mzima hauna ukingo mkali. Ni bonde lenye miteremko miwili, na kijiko ndicho kinachojua miteremko. Taa niliiweka ubavuni, chini, ili kila nilichokisukuma kitoe kivuli nikione. Alipokuja mara ya pili alicheka kabla hajakaa.

Kwa hiyo mteja akikuletea picha ya pasipoti, mweleze kwa upole akutafutie nyingine. Mwanga wa mbele unafuta vivuli vyote, nawe utabaki unabuni pua ya mtu usiyemjua. Omba iliyopigwa karibu na dirisha au mlangoni. Na akiwa mvuvi anataka chombo chake, muulize majina ya sehemu; nahodha anaiona foromali, ule mti unaoshika tanga, iliyokaa vibaya kabla hajaona kingine chochote.

Mawili ya haraka. Ukinakili picha kwenye ngozi kwa kalamu, tumia kalamu iliyokwisha wino kabisa, kwani wino ukiingia kwenye ngozi hautoki. Na chunga kutu, hasa sisi tunaoishi na hewa ya chumvi: chuma na tanini vikikutana majini huzaa doa jeusi, kemia ile ile ya wino wa zamani. Gongea juu ya kipande cha marumaru, futa vyuma kwa mafuta kila jioni. Doa likitokea, maji ya limau yakiwahi hulipunguza.

Kausha kivulini. Masika yakishika hapa kwetu siiweki kazi iliyomalizika kwenye nailoni hata usiku mmoja, ukungu unaiwahi. Naitundika ndani, mbali na ukuta, siku mbili au tatu, ndipo naipaka mafuta ya zeituni kidogo sana kwa kitambaa. Ile albamu ilikaa siku nne, kwa sababu mvua ilikuwa haikatiki.